Neno Lililo Karibu Zaidi

Baba alipopata kiharusi, mimi nilikuwa nimepewa kazi ya kuifundisha kompyuta kuukuu kusikia vizuri. Nayataja mambo haya mawili pamoja kwa sababu yalianza pamoja, katikati ya miaka ya tisini, katika msimu mmoja wa mvua ndefu. Watu wakisikia hadithi hii hupenda kusema kwamba ugonjwa wa Baba ndio ulionifundisha kazi yangu. Sivyo. Kazi niliifundishwa na vitabu, na mwanamume mmoja mwenye subira mjini Kericho. Lakini ni kweli kwamba mwaka ule niliishi kati ya vitu viwili ambavyo havikuweza kusema vilichotaka kusema, nami nilikuwa nikitoka kwa kimoja kwenda kwa kingine.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka uliotangulia. Kampuni ndogo ya redio za mawasiliano iliniajiri kwa sababu moja tu: mradi wangu wa mwisho chuoni ulihusu misimbo inayosahihisha makosa, na mwenye kampuni, mwanamume wa makamo aliyekuwa ametumia nusu ya umri wake akipanda minara, alikuwa na tatizo la makosa. Mteja wake mkubwa alikuwa shirika la chai lenye ofisi Kericho na viwanda vilivyotawanyika vilimani, kimojawapo upande wa Konoin, si mbali na Boito nilikozaliwa. Kila jioni karani wa kiwanda alisoma ripoti ya siku kwenye simu ya upepo: majani yaliyoingia, chai iliyotoka, vikaushio vinavyofanya kazi na vilivyolala. Karani wa Kericho aliandika. Kukiwa na radi, na kwetu radi si mgeni, sauti ilikatika mabondeni, na wale wawili walibaki wakiulizana, "Umesema ngapi? Rudia hapo mwisho."

Basi shirika likaamua mashine ziongee zenyewe. Kompyuta moja kiwandani, nyingine ofisini, redio katikati. Bosi wangu alidhani mashine zingesikia kuliko watu. Ikawa kinyume. Mtu akisikia nusu ya neno hujazia nusu nyingine. Mashine ikisikia nusu, huandika takataka bila haya.

Kujazia ni jambo ambalo sisi tuliozaliwa kule hatukuhitaji kufundishwa. Baba alikuwa Mkipsigis. Mama alitoka upande wa Kisii. Wazazi wake walikuja kuchuna chai kwenye mashamba makubwa wakabaki. Walipooana, lugha waliyokutana nayo katikati ilikuwa Kiswahili, na hicho ndicho tulichokisema nyumbani. Kiswahili cha Baba kilichanganya b na p, d na t, g na k. Alisema "pado" akimaanisha bado, na "chabati" akimaanisha chapati, na hakuna siku tuliyokosa kumwelewa. Hakuna kitu kiitwacho pado. Neno lililo karibu ni bado, basi ndilo hilo.

Misimbo yenyewe haina uchawi zaidi ya huo. Kompyuta huandika kila kitu kwa sifuri na moja. Ukituma sifuri na radi ikapiga, inaweza kufika moja. Dawa yake ni kuongeza: mtumaji huambatisha sifuri na moja za ziada, zilizokokotolewa kwa kanuni kutoka kwenye ujumbe wenyewe, ili katika michanganyiko yote inayowezekana ni michache tu iwe halali. Mpokeaji akipata mchanganyiko usio halali, anajua kumeharibika kitu. Kisha anatafuta ule halali unaofanana nao zaidi, na mara nyingi ndio uliotumwa.

Kuuandika ujumbe kwa msimbo ni rahisi. Taabu iko kwenye kuusimbua, kwa sababu lazima utafute huo unaofanana zaidi, na michache niliyoitaja ni michache ukilinganisha na yote tu. Yenyewe ni maelfu kwa maelfu. Programu yangu ya kwanza ilifanya kitu cha kijinga lakini cha uaminifu: ililinganisha kilichopokelewa na kila kilicho halali, kimoja baada ya kingine. Ilipata jibu sahihi. Ila kompyuta ya pale ofisini ilikuwa nzee, na ripoti ambayo ilisafiri hewani kwa muda mfupi ilichukua muda wa kupika ugali na mboga yake kabla ya kusomeka. Karani wa Kericho, mama mmoja mtaratibu ambaye hakuwahi kulalamika, alianza kuja na sindano zake za kufuma. Nilipoona sweta limefika mabegani nilijua kazi yangu haijaisha.

Habari za Baba zilinifikia nikiwa hapo hapo ofisini. Kaka yangu alipiga simu ya mezani kutoka Bomet. Alisema Baba ameanguka zizini asubuhi, yuko hospitali ya misheni, ana fahamu, lakini hasemi. Nilimwomba ruhusa bosi. Hakuniuliza nitarudi lini. Alichukua funguo za pikapu akanipeleka mwenyewe, na tulipopita Litein aliniuliza kama nimekula.

Baba alikuwa amelala upande, mkono wa kulia umelegea kama si wake. Alikuwa mtu wa maneno. Miaka mingi alikuwa mzee wa kanisa na msuluhishi wa mashamba. Watu waliogombana mipaka walimjia yeye kabla ya kumjia chifu. Aliponiona alifungua mdomo na ikatoka sauti ndefu iliyopondeka, isiyo na mwanzo wala mwisho. Akanyamaza. Akajaribu tena. Ilikuwa dhahiri kwamba ndani yake sentensi ilikuwa kamili. Ilikuwa ikiharibika njiani.

Walimruhusu kurudi nyumbani baada ya majuma machache. Maneno yakaanza kurudi mojamoja, nusunusu, ya Kiswahili na ya Kipsigis yakiwa yamevunjika sawasawa. Nami nikawa nakwenda Boito kila Jumamosi baada ya kanisa letu la Sabato, maana Mama alitulea katika kanisa la kwao na Baba akabaki na lake, na kurudi Kericho Jumapili.

Mama ndiye aliyemwelewa kuliko sisi wote. Nilimtazama sana. Hakuwa na siri yoyote. Alimjua tu, na alikuwa na uvumilivu wa kungoja amalize kabla ya kukisia. Kaka yangu alikuwa kinyume chake. Alimpenda Baba mpaka hakuweza kuvumilia kumwona akihangaika, kwa hiyo Baba akianza tu, kaka alidaka: "Maji? Unataka maji? Blanketi?" Mara nyingine alipatia. Asipopatia, Baba alitikisa kichwa, akaanza upya, na kaka akadaka tena. Baada ya muda Baba aliacha kuanza.

Kule kazini nilikuwa nimemwandikia mwalimu wangu wa chuo, naye akanitumia nakala ya makala iliyokuwa imepigwa fotokopi mara nyingi mpaka herufi zimenenepa. Ilieleza njia ya kusimbua bila kujaribu kila kitu. Niliisoma kwa shida. Nilipoielewa, niliielewa kwa kukumbuka vijia vya nyumbani.

Kutoka kwetu hadi kiwandani kuna vijia visivyohesabika katikati ya chai. Vinapanda, vinashuka, vinagawanyika kwenye kila shamba. Lakini vyote lazima vivuke mto, na vivuko ni vichache. Anayetaka kujua njia bora kuliko zote hana haja ya kuitembea kila moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Afike kwenye kila kivuko, aulize ni njia ipi bora ya kufika hapa, aishike hiyo, azisahau nyingine zote zinazopitia hapo. Haziwezi kushinda tena, maana kutoka hapo mbele zote zinatembea njia moja. Akienda hivyo kivuko kwa kivuko, mwishoni anabaki na njia moja, na ana hakika ni bora, ingawa hakutembea hata sehemu ndogo ya zile zilizokuwepo.

Hivyo ndivyo ile makala ilivyosimbua. Ilibidi kubadili msimbo wenyewe, ili kila biti, yaani kila sifuri au moja, inayotumwa itegemee zile chache zilizotangulia. Kisha mpokeaji anakwenda nao hatua kwa hatua akishika njia chache zinazolingana zaidi na alichosikia, akitupa zile zilizoshindwa. Na haamui haraka. Biti ya kwanza haiamuliwi mpaka zimefika nyingi baada yake, kwa sababu linalokuja nyuma husaidia kuelewa lililotangulia.

Niliandika programu mpya kwa mwezi hivi. Siku tuliyoijaribu, ilinyesha. Ripoti ya Konoin iliingia, taa ya modemu, kile kisanduku kinachounganisha redio na kompyuta, ikawaka na kuzima, na kabla ya yule karani kugeuza safu ya pili ya sweta lake, maneno yalikuwa kwenye skrini, safi. Alinitazama juu ya miwani yake, akaiweka kazi yake kwenye mkoba. Bosi alivaa vipokea sauti masikioni akasikiliza mvumo wa hewa, kisha akanipa nami nisikilize. Ilikuwa kelele tupu kama mahindi yanayokaangwa. "Imetoa maneno humu," alisema. Kuanzia siku ile aliacha kuniita msichana. Aliniita injinia, mbele ya watu na tukiwa wawili.

Kwa miezi miwili mitambo ilifanya kazi hivyo, na shirika likafurahi. Hapo mwanzo tulikuwa tumeweka kitu kingine ndani: hesabu ya ukaguzi mwishoni mwa ripoti, ambayo ikikataa, kompyuta iliomba ripoti irudiwe. Meneja wa uzalishaji hakuipenda. Alisema ametuajiri ili marudio yaishe. Na kwa kuwa msimbo mpya ulikuwa ukisahihisha vizuri mno, tulikubaliana naye, mimi na bosi, tukauondoa ukaguzi ule. Ripoti zikaingia mara moja, kila siku, bila swali.

Kisha ikaja alasiri ya mvua ya mawe. Anayefahamu Kericho na Konoin anaijua mvua hiyo. Inapiga shamba moja na kuacha la jirani, na ikipita chai inabaki vijiti. Alasiri hiyo radi ilipiga karibu na kiwanda, umeme ukayumba, na vikaushio vikasimama vyote isipokuwa kimoja. Karani wa kule alituma ripoti ya dharura. Ilisafiri katikati ya radi. Ikafika Kericho imeharibika kupita kiasi ambacho msimbo ungeweza kutengeneza. Lakini programu yangu haikujua hilo. Ilifanya kazi yake kama siku zote: ilitafuta ujumbe halali uliofanana zaidi na kelele ile, ikaupata, ikauandika kwa herufi safi. Ulisema vikaushio vinafanya kazi.

Ofisi ikaelekeza huko malori ya majani kutoka mashamba ambayo mvua haikuyagusa. Yalipofika, kiwanda hakikuwa na pa kuyaweka. Majani mabichi yakirundikwa hupata joto yenyewe. Nilifika kesho yake na bosi, tukayakuta yamegeuka rangi ya kahawia, yananuka kama matunda yaliyooza, wanaume wakiyapakua kwa reki na kuyatupa korongoni. Palikuwa na wanawake wamesimama kando, vikapu vyao mgongoni, wakitazama. Mmoja wao aliinama akachukua konzi ya majani, akayanusa, akayaacha yaanguke. Mama yangu aliwahi kuchuna majani katika shamba kama lile, na mimi nilijua mgongo unavyouma jioni.

Meneja alisema mengi, na mengi yalikuwa ya haki. Bosi alisikiliza mpaka mwisho na hakumtaja mtu. Tulipokuwa tukirudi kwenye pikapu, aliniambia kwa sauti ya chini, "Injinia, mashine yetu ina kasoro moja. Haijui kusema haijui."

Nilifikiria neno hilo njia nzima. Ubora wa njia ile mpya ulikuwa ni kwamba kila mara inatoa jibu, na tena inalitoa upesi. Ukiipa ujumbe wenye makosa machache, inatoa jibu. Ukiipa kelele tupu, inatoa jibu pia, na majibu hayo mawili yanafanana kwa sura: herufi zile zile zilizonyooka, hakuna inayotetemeka. Mtu anayekisia, ukimtazama usoni, unaona anakisia. Skrini haina uso.

Tuliurudisha ukaguzi, tena mkali zaidi. Baada ya kusahihisha, kompyuta ilifanya hesabu ya pili kwa kanuni nyingine, na ikikataa, iliandika mstari mmoja: SIJAELEWA, RUDIA. Maneno hayo niliyachagua mimi. Meneja alinung'unika siku za kwanza, maana mashine inayokiri haijaelewa huonekana mbovu kuliko ile inayosema kila kitu. Bosi alimwambia anaweza kuchagua, kungoja kidogo au korongo. Meneja hakunung'unika tena.

Ilikuwa Jumamosi iliyofuata, nikiwa nimechoka na jambo hilo, nilipofika Boito nikakuta watu uani. Viti vilikuwa vimepangwa, wanawake wa kanisa la Baba walikuwa wanaimba, na mchungaji wao, kijana mpole, alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti cha Baba. Niliogopa. Nilimtafuta Mama jikoni, akaniambia hapana, hajazidiwa. Ni kwamba tangu Jumatano alikuwa anaita. Alikuwa anasema neno moja, asubuhi na jioni, "mchunka, mchunka," na kaka akasema anamtaka mchungaji, amehisi siku zake, basi wakamwitia mchungaji na kanisa likaja pamoja naye.

"Na wewe ulionaje, Mama?" nilimuuliza.

Mama alikuwa akikoroga chai. "Mimi sikujua. Lakini mtu anayemtaka mchungaji hawezi kumkasirikia akija."

Nilitoka nikamtazama Baba vizuri. Kweli alikuwa amekasirika. Machozi yalikuwa yanamtoka, na watu waliyaona wakadhani ni ya maombi, wakaimba kwa nguvu zaidi. Mkono wake mzima ulikuwa umekamata kiti. Mchungaji alimaliza sala, akamshika bega, akasema Mungu amesikia. Baba akafumba macho.

Watu walipokwisha kunywa chai na kuondoka, nilivuta kigoda nikaketi karibu naye. Kaka alisimama mlangoni. Nilimwambia Baba kwamba mimi sijaelewa, na kwamba sitakisia. Aseme, na asipoweza kusema apumzike, aseme tena.

Alikaa kimya muda mrefu hivi kwamba nilidhani hataki. Kisha akasema, "Mchunka." Nikangoja. Kaka akavuta pumzi ili aongee, nikamwinulia mkono. Baba alitazama upande wa zizi. "Mchunka... ng'ompe."

Mchunga ng'ombe.

Tulitazamana, mimi na kaka. Nyumba yetu ilikuwa na mchunga ng'ombe mmoja tu aliyestahili kuitwa hivyo. Alikuja kutoka Kisii akiwa kijana kabla sijazaliwa, akakaa nasi mpaka nilipokuwa kidato cha pili. Hakujua Kipsigis, kwa hiyo Baba alisema naye Kiswahili, na labda ndiyo sababu neno lilimjia Baba kwa Kiswahili. Yeye ndiye aliyenifundisha kukama. Kisha siku moja ng'ombe bora wa Baba, yule mwekundu, aliingia shambani kwenye majani machanga yenye umande, akala, akavimba tumbo, akafa kabla ya jua kupanda. Baba alisema yule mtu alilala. Alisema na mengine, mbele ya majirani, maneno ambayo msuluhishi hapaswi kumwambia mtu. Yule mtu hakujitetea. Alikunja blanketi lake akaondoka siku hiyo hiyo. Tulikuja kusikia baadaye kwamba anaishi Kiptere, ana mke na watoto, analima mahindi na ana chai kidogo.

Kaka aliketi kizingitini, akajifunika uso. Alisema, "Siku zote hizi, Baba. Mimi nilikuwa nakuletea blanketi."

Baba akanyoosha mkono mzima akamgusa kichwani.

Kaka ndiye aliyekwenda Kiptere, nami nikaomba ruhusa kazini nikabaki Boito. Hakutaka mimi niende, na sikubishana naye. Alirudi naye siku ya pili, mtu mwembamba mwenye mvi, amevaa koti lake la kanisani, amechukua mfuko wa viazi vitamu kama mgeni mwema. Alisimama uani kidogo akiangalia zizi, jinsi limebadilika, kisha akaingia.

Baba alipomwona, alijaribu kusimama, ikashindikana. Akasema, "Keti."

Kaka alileta kiti. Mgeni akaketi. "Nimeketi, mzee. Pole sana na ugonjwa."

Baba akatikisa kichwa. "Keti. Keti." Uso wake ulianza kukunjamana. Mgeni aliinuka nusu, akavuta kiti karibu zaidi, akaketi tena, akatutazama kuomba msaada. Kaka naye alinitazama. Kila mtu mle ndani alikuwa amesikia neno kamili, neno halali, linalofaa kabisa kuambiwa mgeni. Nalo silo lililosemwa.

Nilimkumbuka Baba wa zamani, yule wa kabla ya kiharusi, jinsi alivyosema k mahali pa g maisha yake yote. Nilimuuliza, "Baba, ni geti?"

Alifumba macho na kuachia pumzi ndefu. "Keti," alisema, akajipiga kifuani kwa mkono wa kushoto. "Mimi."

Mama alikuwa ameingia na birika. Akaliweka chini pole pole. Ni yeye aliyemweleza mgeni, kwa sauti ya kawaida kama anayesoma tangazo kanisani, kwamba asubuhi ile ya ng'ombe mwekundu Baba alirauka kwenda kuangalia shamba, na kumbe ndiye aliyeacha geti wazi. Alipomaliza alimwuliza Baba kama amesema sawa. Baba akaitika. Mama hakuwa anajua habari hizo kabla ya siku ile. Alizielewa hapo hapo, kama sisi. Baadaye aliniambia kilichomuuma si geti. Ni miaka ambayo mume wake alikaa na jambo hilo wakati mdomo wake ungali mzima.

Mgeni alitazama sakafu. Nilidhani atalia au atakasirika, na angekuwa na haki ya yote mawili. Alisema, "Nilijua, mzee. Nilipoamka nilikuta geti liko wazi, na mnyororo umetundikwa pale juu unapoutundika wewe. Mimi huwa nauacha chini."

"Kwa nini hukusema?" kaka aliuliza.

"Ningesema mbele ya wale watu, nani angekuja kwake tena kuamuliwa mpaka?"

Baba alilia kama mtoto, kwa sauti, na hapakuwa na wimbo wa kuifunika. Tulimwacha alie. Yule mzee wa Kiptere alimshika mkono ule uliolegea, akauweka kwenye goti lake, wakakaa hivyo hadi chai ikapoa.

Alikaa nasi siku mbili. Asubuhi walikwenda zizini, Baba akiegemea fimbo upande mmoja na bega la mwenzake upande mwingine. Siku ya kuondoka, Baba aliwasimamisha wote uani, akainua fimbo, akaielekeza kwa mtamba mmoja mweusi mwenye alama nyeupe pajani, aliyekuwa na mimba yake ya kwanza. Alisema, "Yake." Kaka aliuliza mara mbili kama amesikia sawa, maana tulikuwa tumemtegemea mtamba yule kwa maziwa. Baba akarudia, na neno likatoka safi. Mgeni alikataa. Alisema zizi lake ni dogo, alisema Mungu atamlipa, alisema mengi ya adabu. Mama akamwambia akubali, kwa sababu mzee akianza kueleza sababu tutakaa hapa mpaka jioni. Kwa mara ya kwanza tangu hospitali, nilimsikia Baba akicheka.

Tulimpakia mtamba kwenye pikapu ya jirani, tukamfunga kamba vizuri, na yule mzee akapanda nyuma pamoja naye badala ya kuketi mbele na dereva. Alisema mnyama akisafiri peke yake huogopa.

Baba aliishi miaka mitatu baada ya hapo. Maneno yaliendelea kurudi, si yote. Mimi niliondoka Kericho mwaka uliofuata kwenda kusoma zaidi, na tangu wakati huo nimefanya kazi na misimbo mingi, mingine mizuri kiasi kwamba ukiona kilichopokelewa huwezi kuamini kuna ujumbe ndani. Mitambo yetu ya Konoin ilitumika mpaka simu bora zilipofika. Bosi aliniambia mstari ule wa SIJAELEWA ulikuwa ukijitokeza mara chache, siku za radi, na makarani waliuzoea, wakarudia bila kununa.

Mtamba wa Kiptere alizaa jike. Mwaka baada ya Baba kuzikwa, yule mzee alikuja nyumbani bila kuitwa, akaja na ndama wa yule jike amemfunga kwa kamba mpya, akamkabidhi Mama. Mama alimwuliza wa nini. Alisema ng'ombe wa watu waliopatana hawakai zizi moja milele, wanazunguka. Kisha akaomba maji, akanywa, akaenda kumwonyesha ndama mahali pa kunywea.